Mashine ya Kukanda Misuli: Mabegani Ndiyo, Shingoni na Kichwani Hapana



Mama mmoja tunayemhudumia alinipigia simu jioni, akiongea kwa sauti ya chini. "Mwanangu, kijana ameleta bunduki ndani ya nyumba. Mdogo wake amelisoma jina kwenye boksi." Nikamwambia, "Mama, msiiguse. Mwambie huyo mdogo anitumie picha." Picha ilipofika nikashusha pumzi. Ilikuwa mashine ya kukanda misuli. Kwa Kiingereza wameipa jina la bunduki kwa sababu ya umbo lake tu: ina mpini wa kushika na mdomo mbele. Kijana alikuwa ameinunua kwa mshahara wake wa kwanza, kwa sababu mama yake anasafisha vyumba vya hoteli na kila jioni analalamika shingo na kichwa.

Tulicheka wote. Kisha nikamuuliza, "Mama, anakuwekea wapi?" Akajibu, "Hapa chini ya sikio, pembeni mwa shingo. Ndipo panaponiuma." Hapo mimi ndiye niliyeogopa.

Mashine hizi sasa nazikuta katika nyumba nyingi. Nyingine zinauzwa dola 30 au 40, nyingine dola mia kadhaa, na maelezo ndani ya boksi yako kwa Kiingereza na kwa maandishi madogo. Somo letu la leo ni namna ya kuitumia bila kujiumiza, na namna ya kutambua maumivu ya kichwa ambayo si ya kukandwa.

Kwa nini kichwa kinauma wakati kazi ni ya mikono?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kinabebwa na pingili 7 za shingo pamoja na misuli inayozizunguka. Msuli mmoja mkubwa unaanzia kwenye kisogo, unashuka shingoni, unatandaa mabegani na kufika katikati ya mgongo. Ukiinama saa nane juu ya meza ya kukata nyama, ukiinua maboksi ghalani, ukitandika vitanda, au ukilala umeinamia simu ukisubiri habari za nyumbani, msuli huo unakaza na hauachii. Na kwa kuwa umeshikamana na kisogo, maumivu yanapanda mpaka kichwani.

Maumivu ya namna hiyo yanajulikana kwa dalili zake. Yanabana pande zote mbili, kama kilemba kilichofungwa kwa nguvu. Hayagongi kama ngoma, na kwa kawaida hayaleti kutapika. Mabega nayo yanakuwa magumu ukiyashika. Wasiwasi na kukosa usingizi huyazidisha, na sisi tulioacha ndugu nyuma tunavijua vyote viwili.

Sasa angalia jambo muhimu. Unapoumia ni kichwani, lakini palipokaza mara nyingi ni begani. Kwa hiyo mashine inafanya kazi yake begani. Huna haja ya kuipeleka kichwani wala shingoni.

Kwa nini si shingoni?

Bega lina msuli mnene. Shingo haina ngao hiyo. Mbele, kulia na kushoto kwa koo, inapita mishipa mikubwa ya damu inayopeleka damu kwenye ubongo. Ukiweka vidole hapo utasikia mapigo. Nyuma ipo mingine miwili, inayopanda ndani ya matundu ya mifupa ya shingo. Hapo hapo zinapita neva, na mbele kuna koromeo na tezi.

Mashine hii hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na nyingi zinafika mara 3,000. Mshipa wa damu ukipigwa hivyo, ukuta wake wa ndani unaweza kuchanika. Damu ikiganda pale palipochanika na kipande kikapanda kwenye ubongo, mtu anapata kiharusi, hata akiwa kijana. Madaktari wamewahi kuandika juu ya mgonjwa kijana aliyechanika mshipa wa shingo baada ya kutumia mashine ya namna hii. Si jambo la kila siku, lakini likitokea halirudishwi nyuma.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Mwaka wangu wa kwanza hapa Marekani nilifanya kazi ya usiku katika ghala. Mwenzangu alikuwa na mashine hii kwenye begi, akaniazima wakati wa mapumziko. Nikaiweka kwenye kasi ya juu kabisa nikaibana pembeni mwa shingo, chini ya taya. Haikupita dakika moja, ukumbi ukaanza kuzunguka, nikakaa sakafuni. Nilipona, lakini sikumwambia mtu kwa sababu niliogopa kufukuzwa. Hayo yalikuwa makosa mawili, na la pili nitalizungumzia mwishoni.

Sehemu za kuepuka kabisa ni hizi: mbele na pembeni mwa shingo, nyuma ya shingo juu ya mifupa, kisogo, panja, paji la uso, taya, na uti wa mgongo wote. Usiipige juu ya mfupa wowote unaousikia chini ya ngozi.

Namna ya kuitumia mabegani

1. Keti kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini. Usiitumie ukiwa umelala au ukiwa na usingizi, kwa sababu inaweza kuteleza.

2. Funga kichwa cha duara kilicho laini. Kile chenye ncha kiache ndani ya boksi.

3. Tafuta mahali pa kuweka. Peleka mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, katikati ya shingo na ncha ya bega. Bana nyama kwa vidole. Hapo penye nyama ya kubanika ndipo mahali pake. Vidole vikifika mahali ambapo shingo inaanza kupanda, umefika mpaka, usivuke.

4. Iwashe kabla ya kuigusisha mwilini, kwa kasi ya chini kabisa. Usiongeze kasi kwa kudhani kwamba ikipiga sana ndiyo inaponya.

5. Iache ielee juu ya msuli. Usiisukume. Uzito wa mashine yenyewe unatosha. Itembeze polepole, usiigandishe mahali pamoja.

6. Kila bega lipe sekunde 30, lisizidi dakika 1. Kisha shuka kwenye nyama iliyo kati ya uti wa mgongo na mfupa wa bapa la bega, ukimwomba mtu wa nyumbani akusaidie, naye akae mbali na uti wa mgongo.

7. Zima, zungusha mabega mara tano kwenda nyuma, kunywa maji. Mara moja au mbili kwa siku inatosha.

Unatakiwa kusikia utamu wa kukandwa, au uchungu kidogo unaopungua. Ukisikia maumivu makali, ganzi, kuchomachoma mkononi, au kizunguzungu, zima papo hapo na usirudie mpaka uongee na daktari. Ukiona michubuko kesho yake, ulibana mno.

Nani asiitumie bila kumuuliza daktari

Mama mjamzito. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mtu mwenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kupata kiharusi. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mzee mwenye mifupa dhaifu. Mtu aliyeanguka au aliyepata ajali ya gari karibuni, hata kama anajiona mzima. Watoto nao wasiichezee.

Naongeza kundi moja. Baadhi yetu tuna risasi, vipande vya bomu, au vyuma vya kuungia mifupa mwilini, au makovu ya kupigwa kichwani na shingoni. Wengine hawajawahi kumweleza daktari wa hapa. Kama ni wewe, usipige mashine karibu na mahali hapo. Na ukienda kliniki, mwambie daktari. Halazimiki kujua nani alikufanyia. Anahitaji kujua ni kitu gani kipo na kipo wapi, hata kabla ya kukupiga picha za vipimo.

Maumivu ya kichwa ambayo si ya kukandwa

Piga 911 mara moja ukiona moja ya haya: maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla kuliko yote uliyowahi kuyapata; maumivu mapya ya shingo pamoja na kizunguzungu au kuona vitu viwiliviwili; upande mmoja wa uso kulegea; mkono au mguu kukosa nguvu; kushindwa kuongea vizuri au kutembea. Mshipa ukichanika, dalili zinaweza kuja baada ya saa nyingi au siku kadhaa, kwa hiyo mwambie daktari kama ulitumia mashine. Simu ikipokelewa, taja anwani yako kisha useme "Swahili", wakutafutie mkalimani. Usikate simu.

Homa pamoja na shingo ngumu isiyoinama ni ya kwenda hospitali mara moja. Na kama umefika miezi ya karibuni kutoka kambini au kutoka nchi yenye malaria, ukipata homa na kichwa, mtajie daktari nchi uliyotoka na umwombe akupime malaria. Hapa Marekani malaria ni nadra, na daktari asipojua ulikotoka anaweza asiifikirie.

Kichwa kinachogonga upande mmoja, kikachukia mwanga na kuleta kichefuchefu, huenda ni kipandauso. Kina dawa zake. Panga miadi.

Na kama unameza vidonge vya maumivu nusu ya siku za mwezi au zaidi, vidonge vyenyewe vinaweza kuwa ndivyo vinavyoleta kichwa. Kumbuka pia kwamba Tylenol ya hapa ni dawa ile ile tuliyoizoea kwa jina la Panadol. Usizichanganye ukidhani ni dawa mbili, kwani zikizidi zinaharibu ini.

Kama huna mashine

Hujakosa kitu kikubwa. Nyumbani tulikandwa kwa maji ya moto na taulo, na bibi zetu walitumia mafuta ya mise na mikono yao. Njia hiyo bado inafaa, na shingo inaipenda kuliko mashine. Lowesha taulo kwa maji ya moto, likamue, lijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono lisikuunguze, kisha lizungushe nyuma ya shingo na mabegani kwa dakika 10 hadi 15. Baada ya hapo paka mafuta, kanda kwa viganja polepole kutoka kisogoni kwenda mabegani, bila kubana mbele ya koo wala kumvuta mtu shingo mpaka ialike.

Kazini, kila upatapo nafasi, shusha mabega, rudisha kidevu nyuma kidogo kama mtu anayesimama wima kupigwa picha, hesabu mpaka tano, achia. Fanya mara tano. Usiku, inua simu mpaka usawa wa macho. Najua kwa nini hatuwezi kuiweka chini, lakini angalau tusiiinamie.

Neno la mwisho kuhusu kazi

Hapa narudi kwenye kosa langu la pili. Mashine inatuliza msuli, haiondoi kilichoukaza. Kama shingo inauma kwa sababu ya kazi, mwambie msimamizi wako mapema, ikiwezekana kwa maandishi, na uweke nakala. Majimbo mengi yana bima ya walioumia kazini, na kila jimbo lina muda wake wa kutoa taarifa. Ukichelewa unaweza kukosa haki. Sheria hairuhusu mwajiri kukuadhibu kwa sababu umesema umeumia. Ukienda kliniki au hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, una haki ya mkalimani bila malipo. Haki hiyo inatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Usimtumie mtoto wako kukutafsiria.

Yule mama wa mwanzo bado anayo mashine. Nilimwekea kidole begani nikamwonyesha kijana mpaka ulipo. Pia tuliandika pamoja barua fupi kwa msimamizi wake, na sasa wanatandika vitanda wawili wawili. Ananiambia kichwa bado kinamjia, lakini si kila siku.

Jipime kabla ya kuiwasha

Mashine inawekwa wapi, na mpaka wake uko wapi? Kasi gani, na kwa muda gani? Je, uko kwenye kundi la kumuuliza daktari kwanza? Ni dalili zipi za kupiga 911?

Kama jibu moja limekupotea, rudi juu usome tena, au njoo ofisini na mashine yako. Nitakuonyesha kwa mikono.