DARSA: KUFUNDISHA TARIKH KWA KUFAHAMU

Kijana akiulizwa, "Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa lini?" hujibu upesi: "Mwaka 1593." Akiulizwa, "Kwa nini ikajengwa pale ilipo?" hunyamaza. Huyo amehifadhi, wala hajajua. Hii ndiyo ila ya mafundisho yetu ya tarikh: mwalimu husoma, mtoto huandika, na mtihani ukipita yote husahauliwa.

Dawa yake si ngeni kwetu. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, katika Muqaddima aliyoimaliza mwaka 1377, ameeleza kuwa mwanafunzi hufundishwa kwa taratibu, mara tatu: kwanza kwa jumla; pili kwa sherehe na kutaja ikhtilafu; tatu asiachiwe fundo lisilofunguliwa. Tena ameonya juu ya ukali, kwani mtoto mwenye kuteswa hujifunza uvivu, uongo na hila.

Basi na tuitumie kanuni hii. Mara ya kwanza mwalimu awasimulie watoto kwa ufupi: Wareno walizingirwa ngomeni na jeshi la Oman tangu Machi 1696 hata Disemba 1698. Mara ya pili awaulize sababu: watu walistahimili vipi miezi thalathini na mitatu? Chakula na askari vilipitia wapi? Maradhi yalifanya nini? Mara ya tatu awatoe darasani. Wasimame ufuoni hapa Shelly Beach, watazame meli zikiingia mlango wa Kilindini. Kisha wavuke kwa feri waende Ngomeni, waone kuwa ngome inaukabili mlango mwingine, uendao Bandari ya Kale, kando ya mji wa kale. Hapo watalijibu wenyewe lile swali la kwanza, wala hawatalisahau.

Tena wafundishwe kupima habari: ni nani aliyeisimulia, na ana maslaha gani? Wareno waliandika yao, na wenyeji wana yao. Yote yatiwe mizanini. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) ametuachia tarikh ya Mazrui wa Mombasa kwa kalamu yake. Je, ya Likoni na Mtongwe ataiandika nani? Wanafunzi na waende kwa wazee wangali hai, wawaulize, waandike, kisha walinganishe. Kwani asiyeuliza habari za kwao husimuliwa na mgeni, naye husadiki.

Tunawanasihi walimu waanze na somo moja tu kwa njia hii, wazazi nao wawasaidie nauli. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.