Sungura na Simbilisi wa Shule

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, pande za Iringa na Njombe, ziko nyumba ambamo simbilisi huishi jikoni pamoja na watu. Hawana tundu wala kamba. Mchana kutwa hupita kando ya mafiga wakiokota jani la kabichi lililoanguka, ganda la hindi, au unyasi uliodondoka katika mzigo. Na mlango ukifunguliwa ghafula hukimbilia nyuma ya mtungi huku wakilia. Mnyama huyu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni milima ya Andes, katika nchi kama Peru na Bolivia, na watu wa huko wamemfuga kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama yake.

Sungura wa kufugwa naye ni mgeni, kwa kuwa jadi yake ilitoka Hispania na Ureno. Sungura wa hadithi, yule amshindaye fisi kwa akili, ni mnyama mwingine wa porini. Huyo wa porini huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, lakini sungura wa kufugwa huzaa watoto uchi wasioona. Tena watu wengi humhesabu sungura kuwa jamaa ya panya. Simbilisi ni jamaa ya panya kweli. Sungura siye, maana nyuma ya meno yake ya mbele ya juu yako meno mengine mawili madogo, ambayo panya hana.

Katika shule moja ya nyanda hizo wanafunzi walijenga banda la mbao, wakalikata katikati kwa ukuta, wakaweka sungura sita upande mmoja na simbilisi wanane upande wa pili. Kila mtoto alitaka kupendwa na wanyama hao. Siku moja ya soko, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri, walileta karoti na kabichi tele, zingali zimelowa, kwa sababu kila mtu husema kwamba sungura hupenda karoti. Sungura wale walikuwa wamezoea nyasi kavu. Walikula mpaka usiku. Asubuhi wawili walikutwa wamelala ubavu, matumbo yamefura kama ngoma, na kabla ya jua kuchwa wote wawili walikufa. Watoto walinong'onezana kwamba yuko mtu aliyewatilia sumu.

Hapakuwa na sumu. Sungura hacheui kama ng'ombe. Majani alayo hupita tumboni, na sehemu yake huingia katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Humo wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huchachusha majani na kuyageuza kuwa chakula. Kisha sungura hutoa choo laini, mbali na kile kikavu cha duara, naye hukila palepale kitokapo mwilini. Mtoto akimwona akifanya hivyo asimfukuze, kwa kuwa ndiyo njia yake ya kupata nguvu iliyobaki katika majani. Sasa vijidudu vile, vilivyozoea nyasi, vikijiwa ghafula na sukari nyingi na majani mengi mabichi, kazi yao huharibika. Vibaya huongezeka, hewa hujaa, utumbo husimama. Na sungura hawezi kutapika wala kucheua ili apate nafuu. Basi wanyama wale waliuawa na wema wa rafiki zao.

Tangu siku ile amri ilitolewa kwamba wanyama wote wapewe nyasi kavu na pumba za mahindi tu, pasipo jani bichi hata moja. Amri hiyo ilikuwa na kosa lake, nalo halikuonekana mpaka kiangazi. Simbilisi walianza kuchechemea. Viungo vyao vilivimba, manyoya yakasimama, na mmoja alipoguswa mguu alilia kwa uchungu. Chakula kilikuwa tele mbele yao, nao wakakonda.

Mwanafunzi mmoja alikwenda kwa bibi mmoja mzee wa jirani, ambaye simbilisi wake walikuwa wanene. Alimwamkia, akaitikiwa, akaeleza habari yake yote.

Bibi akauliza, "Mwawapa nini, mjukuu wangu?"

"Nyasi kavu na pumba, bibi."

"Na majani mabichi?"

"Tumekatazwa, bibi. Yaliua sungura."

Yule mzee akampeleka bondeni kwenye vinyungu vyake, yaani bustani zile zilimwazo penye unyevu wakati wa kiangazi, akamchumia majani ya kabichi ya nje, ambayo watu hawali, na mchunga uliojiotea mwenyewe. Akamwambia awape kidogo asubuhi na kidogo jioni, wala asiache hata siku moja.

Bibi alijua jambo ambalo mabaharia wengi walikufa pasipo kulijua. Simbilisi, kama mwanadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, wala haiweki akiba ya muda mrefu. Asipoipata katika chakula hushikwa na kiseyeye. Sungura hujitengenezea mwenyewe. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, walieleza jinsi simbilisi waliolishwa nafaka na mkate tu walivyopata kiseyeye, na jinsi vyakula vibichi kama kabichi vilivyowakinga. Kwa njia ya mnyama huyu mdogo ugonjwa wa watu ulianza kufahamika vyema. Majani yakikaushwa juani au yakichemshwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea. Ndiyo sababu nyasi kavu za shule, ingawa zilikuwa safi, hazikuwafaa kitu kwa ugonjwa ule.

Basi desturi ya banda ikageuzwa tena. Nyasi zilibaki kuwa chakula kikuu, zikiwapo mchana na usiku, kwa kuwa meno ya wanyama hawa hayakomi kukua, nayo husagwa kwa kutafuna majani magumu. Juu ya nyasi waliongezewa majani mabichi: ukoka, mchunga, tembele, na majani ya karoti, ambayo ni bora kuliko karoti yenyewe kwa mlo wa kila siku. Kila aina mpya ilianzwa kwa jani moja au mawili. Majani yenye umande yalitandazwa kwanza kivulini, wala hayakurundikwa yakapata moto. Simbilisi waliongezewa kipande cha pera au cha pilipili hoho. Majani ya viazi mviringo, ya nyanya, ya mhogo na ya mparachichi, pamoja na vitunguu na maharagwe mabichi, hayakuruhusiwa kabisa, wala majani yaliyochumwa karibu na shamba lililopigwa dawa.

Simbilisi saba walipona. Hata hivyo wanyama walikuwa hawana raha. Sungura waliguguna mbao za banda usiku kucha, na simbilisi walikaa pembeni wakingoja bakuli. Bibi alipokuja kuwatazama alisema kwamba wake hutafuta chakula chao tangu kunapopambazuka, na hawa hawana kazi. Kwa kweli sungura aliye huru hutumia saa nyingi akitembea, akinusa, akichagua jani hili na kuliacha lile. Akiletewa kila kitu katika bakuli humaliza upesi, na siku iliyobaki ni ndefu.

Wanafunzi wakaanza kuwaficha wanyama chakula chao. Waliondoa bakuli la majani, wakayatawanya ndani ya nyasi kavu. Walifunga mchicha kwa ukambaa, wakauning'iniza mahali ambapo sungura hana budi kunyosha shingo. Kwa simbilisi, wasiojua kuparamia, waliuweka chini ya vigae na katikati ya mawe. Kikapu kikuukuu kisichopakwa rangi kilijazwa maganda makavu ya mahindi, na ndani yake vikatiwa vipande vya karoti, kila kimoja si kikubwa kuliko ncha ya kidole gumba, kimoja kwa kila sungura. Karoti ni tamu, na kwa mnyama huyu yafaa iwe kama sukari guru kwa mtoto.

Siku ya kwanza sungura walikiogopa kikapu. Siku ya pili jike mmoja mweupe alikisukuma kwa pua, kikaanguka, naye akakimbia. Akarudi polepole, akaingiza kichwa, akayatupa maganda nje moja moja kwa meno. Watoto walikuwa wamechuchumaa nje ya banda, wamenyamaza kimya, na kengele ya jioni ikapigwa kabla hajakiona kipande chake.