Somo la Tawi: Mjumbe Anapoleta Hesabu ya Kikao



Sote tumemwona mjumbe akija kwetu kikao cha Bunge kinapokaribia kwisha. Anapanda jukwaani, anataja miswada kumi, tunapiga makofi, anakwenda zake. Jioni tukiulizana amesema nini hasa, hakuna mwenye jibu. Somo la mara hii linatufundisha kuisikiliza hesabu hiyo kama tunavyohesabu mshahara siku ya malipo, shilingi kwa shilingi. Mfano wetu unatoka jimbo la California, Marekani, kwa kuwa jambo lenyewe lilihusu watu wa mashambani kama sisi.

1. Baraza la jimbo

Kila jimbo la Marekani lina baraza lake la kutunga sheria, mbali na lile la taifa. La California hukutana katika mji wa Sacramento na lina sehemu mbili: Baraza la Wajumbe lenye watu 80, na Seneti yenye watu 40. Kikao chake ni cha miaka miwili, na katika mwaka wa pili kazi ya kupitisha miswada hufungwa tarehe 31 Agosti. Mswada usiopita hadi hapo umekufa; anayeutaka lazima aanze upya. Ile iliyopita siku za mwisho humngoja Gavana, ambaye ana hadi mwisho wa Septemba kutia sahihi au kukataa.

Ndiyo maana wiki za mwisho ni za mbio, na ndizo wajumbe wanazowaandikia watu wao barua za kueleza walichofanya.

2. Madai ya watu wa mashambani

Mwaka 1938 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya malipo ya saa za ziada. Wa viwandani walipata; wa mashambani waliachwa nje. Huko California, kuanzia mwaka 1976, walikuwa wakilipwa saa za ziada baada tu ya kufanya kazi saa 10 kwa siku au saa 60 kwa wiki, hali wafanyakazi wengine walilipwa baada ya saa 8 kwa siku au 40 kwa wiki.

Tupige hesabu. Mtu analipwa dola 10 kwa saa, naye anachuma zabibu siku 6, saa 10 kila siku. Hizo ni saa 60. Kwa kanuni ya zamani alipata dola 600, bila nyongeza hata senti. Kwa kanuni ya saa 40, saa 20 zinazozidi hulipwa moja na nusu, yaani dola 15 kila moja. Atapata dola 400 na dola 300, jumla 700. Jasho ni lile lile, lakini dola 100 kila wiki zilikuwa zikibaki mfukoni mwa tajiri.

Mwaka 2010 mswada wa kurekebisha jambo hili ulipita, lakini Gavana wa wakati ule, Arnold Schwarzenegger, aliukataa.

3. Mswada uliokufa ukafufuka

Mwaka 2016 mjumbe Lorena Gonzalez wa San Diego alileta mswada mpya, akisukumwa na chama cha wafanyakazi wa mashambani, United Farm Workers. Mwezi wa Juni Baraza la Wajumbe lilipiga kura: 38 walikubali, 35 walikataa.

Tuangalie vizuri hapa. Waliokubali walikuwa wengi kuliko waliokataa, na bado mswada ulianguka. Katika baraza lile hauhesabiwi wingi wa waliopiga kura tu. Zinatakiwa kura 41, nusu ya wajumbe wote na mmoja zaidi. Zilipungua 3. Wajumbe walionyamaza ndio walioumaliza. Hawakusema "hapana", lakini kimya chao kilifanya kazi ile ile.

Wafanyakazi hawakukunja mikono. Maneno ya mswada yaliwekwa ndani ya mswada mwingine uliokuwa tayari katika Seneti, namba 1066. Wachumaji walisafiri hadi Sacramento kuwakabili wajumbe. Tarehe 22 Agosti Seneti iliupitisha kwa kura 21 kwa 14. Kura 21 ndizo hasa zilizotakiwa, wala haikuzidi moja. Tarehe 29 Agosti, siku mbili kabla ya kufungwa, Baraza la Wajumbe liliupitisha kwa 44 kwa 32. Gavana Jerry Brown alitia sahihi tarehe 12 Septemba.

4. Sahihi si mwisho

Sheria haikuanza kesho yake. Kwa mashamba yenye watu 26 na zaidi, saa zilipunguzwa hatua kwa hatua kuanzia mwaka 2019, na kufikia 8 kwa siku na 40 kwa wiki mwaka 2022. Mashamba madogo yalianza mwaka 2022, yakafikia hapo mwaka 2025.

Tena, matajiri walionya kwamba watapunguza saa za kazi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California wa mwaka 2023 uliona kwamba saa zilipungua kweli, na mapato ya wengine pia. Je, sheria ilikuwa mbaya? Sisi hatusemi hivyo. Tunasema sheria hufungua mlango tu. Tajiri akitafuta njia ya kukwepa, ni chama chenye nguvu kitakachokaa naye mezani kuhusu saa na kiwango cha mshahara.

5. Mafunzo kwetu

Hapa Uganda tuna viti 5 vya wawakilishi wa wafanyakazi Bungeni. Hata hivyo, mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kima cha chini cha mshahara, na Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo mjumbe akituambia "tumepitisha", tusiende nyumbani bado. Tumwulize:

(a) Mswada uko wapi: umeletwa tu, umepita, au umetiwa sahihi?
(b) Siku ya kura ulikuwa ndani? Ulipiga kura gani?
(c) Unaanza lini, na unamhusu nani? Kibarua wa msimu yumo?
(d) Ukianguka, utafanya nini kabla ya kikao kufungwa?

Mjumbe mwema hatakasirika kwa maswali haya. Yatampa nguvu, maana atarudi Bungeni akijua kuna macho yanayomtazama.

Maswali ya kuzungumza katika tawi

1. Kwa nini kunyamaza siku ya kura kulikuwa sawa na kukataa?
2. Kama wachumaji wa California wangekata tamaa mwezi wa Juni, wangepoteza nini?
3. Katika shamba au kiwanda chetu, saa za ziada huanza kuhesabiwa saa ngapi, na nani huziandika?

Katibu wa tawi aandike majibu na kuyaleta katika mkutano ujao. Mjumbe akija, tuwe tumejiandaa.

Umoja ni nguvu.