"Rudi Kwenu": Maswali na Majibu kuhusu Ubaguzi wa Asili

Nchini Kenya wapo watu waliozaliwa Pwani, wakazika wazazi wao Pwani, na bado wakaitwa wageni. Haya ni maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Watu hao ni akina nani?
Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wapemba walivuka bahari kutoka Pemba wakawa wavuvi Kwale na Kilifi. Kwingineko, Washona walitoka Zimbabwe miaka ya 1960 kuhubiri.

Kejeli ina madhara gani?
Huanza kwa chale za usoni kuchekwa na lafudhi kuigizwa. Kisha dhana hiyohiyo kwamba hao ni wageni huingia ofisini: jina likisikika la kigeni, ombi la kitambulisho huwekwa kando. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki wala hasajili laini ya simu kwa jina lake. Akiazima jina la jirani, siku wakikosana hana pa kushtakia.

Watoto huathirika vipi?
Mzazi asiye na karatasi huogopa ofisi za serikali, na mtoto hukosa cheti cha kuzaliwa. Naye mtoto anayetaniwa shuleni huona haya kuitikia lugha ya nyumbani mbele ya wenzake. Bibi humsemesha, yeye akajibu kwa lugha nyingine.

Mtoto wa asiye raia anaweza kupata cheti cha kuzaliwa?
Ndiyo. Sheria inataka kila mtoto anayezaliwa Kenya aandikishwe. Cheti hakimpi uraia, ila kinathibitisha alizaliwa wapi, lini na kwa nani. Anzia hospitali alikozaliwa. Kama alizaliwa nyumbani, mwone naibu chifu.

Katiba inasemaje?
Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa kabila, dini, mavazi, lugha au kuzaliwa. Kinamlinda kila mtu, awe raia au asiwe.

Je, mambo hubadilika?
Oktoba 2016 Wamakonde walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia. Mwaka 2017 walipewa vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43. Washona walitangaziwa uraia Desemba 2020, na Wapemba wakatambuliwa 2023. Hata hivyo, kitambulisho hakizuii matusi sokoni.

Nikibaguliwa nifanye nini?
Andika tarehe, ofisi na jina la afisa. Ombi likikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Ni haki yako chini ya Kifungu cha 47. Peleka malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu au Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa.

Na jirani asaidie vipi?
Mkanye mtoto wako anapomwita mwenzake mgeni. Ukiulizwa ofisini kama unamfahamu mwombaji, eleza unachokijua: kwao ni nyumba ipi, na wameishi hapo tangu lini.