Misuli, Mbio na Joto la Mwili

Mwili wa binadamu una misuli ya kuendeshea viungo zaidi ya 600, nayo hujua kuvuta tu, haijui kusukuma. Ndiyo maana hufanya kazi kwa zamu, mmoja upande huu wa mfupa na mwenziwe upande wa pili. Shika mkono wako juu ya kiwiko, kisha ukunje: msuli wa mbele hufupika na kuvimba, wa nyuma hulegea. Ukiunyosha, zamu hugeuka.

Kazi hiyo huzaa joto. Katika nguvu itumiwayo na misuli, kadiri ya robo tu huwa mwendo. Iliyobaki huwa joto, na jasho ndilo liliondoalo.

Basi, siku ya michezo walimu wawape watoto maji mara kwa mara, wala wasiwashindanishe mbio ndefu jua la adhuhuri. Mkimbiaji akiyumba na kusema ovyo, asidhaniwe mvivu. Alazwe kivulini, apunguziwe nguo, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa, kisha apelekwe hospitali upesi. Kukawia kwaweza kumwua.