Daftari la Kwanza na Nakala Safi
Daktari David Livingstone aliandika mara mbili: madokezo ya papo hapo, kisha nakala ndefu katika shajara kubwa, ile iliyochukuliwa na Stanley kutoka Kwihara, karibu na Tabora, Machi 1872. Huko Nyangwe, Kongo, mwaka 1871, karatasi zilikuwa zimemwishia. Akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mmea. Maandishi yakafifia, hata picha za mwanga wa rangi mbalimbali zilipoyafufua mwaka 2011. Ndipo ilipoonekana kwamba simulizi lake la mauaji ya Nyangwe lilibadilika katika kunakiliwa.

Mhudumu aandikaye kisa cha mgonjwa hukabiliwa na jambo hilohilo. Mgonjwa husema “kichomi”; nakala safi husema “nimonia”. Neno la mgonjwa lisifutwe, na kila sahihisho liwekewe tarehe.