Usimuue Mwishoni

Ukipewa muswada wa filamu wenye mhusika anayempenda mtu wa jinsia yake, fungua kwanza ukurasa wa mwisho. Mara nyingi utamkuta amekufa, ametubu au ametoroka mtaa. Mazoea hayo ni ya zamani. Katika The Children's Hour, filamu ya Hollywood ya mwaka 1961, mwalimu Martha anakiri kumpenda mwalimu mwenzake, kisha anajinyonga. Watazamaji wa miaka mingi wamefundishwa kwamba watu hawa hawana kesho. Wewe unayeandika leo unaweza kuwafundisha vingine.

Kabla hujaamua nani anampenda nani, andika mhusika wako anaamka saa ngapi na anakula kwa jasho gani. Itazame Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu iliyopigwa picha Nairobi na kutoka mwaka 2018. Kena anacheza mpira na vijana wa mtaani, anamsaidia baba yake dukani, na anataka kuwa muuguzi. Ziki, msichana anayempenda, ndiye anayemuuliza kwa nini asiwe daktari. Baba zao ni wapinzani katika uchaguzi wa eneo lao. Mapenzi yanapofika tumeshawajua wasichana hawa kama tunavyowajua watoto wa jirani, kwa hiyo hofu yao inatugusa.

Halafu jaribu hivi: mfute mhusika huyo kwenye muswada. Hadithi ikiendelea bila kuyumba, ulimweka awe pambo au kichekesho. Rudi ukampe uamuzi unaogeuza mambo. GLAAD, shirika la Marekani linalofuatilia filamu, lilitangaza kipimo cha namna hii mwaka 2013 na kukiita kwa jina la Vito Russo, mwanahistoria wa sinema.

Maneno nayo yachunge. Pwani, mwanamke humwita mwenzake shoga kwa mapenzi ya urafiki tu. Neno hilohilo akitupiwa mwanamume, ni tusi. Basi usiliweke kinywani mwa kila mtu. Jiulize mama yake anamwitaje akiwa na hasira, wenzake wanamwitaje wakiwa peke yao, na yeye mwenyewe anajiitaje. Kahiu alilichagua jina Rafiki kwa sababu ndilo jina ambalo wapenzi wa namna hii hulazimika kutumia wanapotambulishana mbele za watu. Neno moja la kila siku, na siri yote imo ndani yake.

Kama maisha hayo si yako, waendee wanaoyaishi, uwasikilize kabla ya kuandika. Stories of Our Lives, filamu ya mwaka 2014 ya kundi la Nest la Nairobi, ilitokana na simulizi za Wakenya halisi. Badilisha majina, mitaa na kazi. Usiweke shukrani kwa jina la mtu bila idhini yake, maana jina moja kwenye skrini linaweza kumpotezea nyumba ya kupanga.

Vurugu usizifiche, kwa kuwa zipo. Katika Rafiki kundi la watu linawavamia wasichana wale na kuwapiga. Lakini kamera isikae hapo kuliko inavyokaa kwenye kicheko chao. Hesabu dakika, uone mizani imelalia wapi.

Mwisho ndio mgumu kuliko yote, na ndipo waandishi wengi wanapolegea. Kahiu alimfanya Kena daktari, akamrudisha Ziki kutoka London, na filamu ikafungwa kwa mkono unaogusa bega. Bodi ya filamu ya Kenya ilitaka mwisho huo ubadilishwe. Kahiu akakataa. Aprili 2018 filamu ikapigwa marufuku nchini, na mwezi uliofuata ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku saba, na Wanairobi wakapanga foleni kuitazama, ukumbi ukajaa.